Upande wa Kulia wa Kuluthumu

Kuluthumu alikuwa mwosha maiti wa wanawake katika mtaa wetu wa Chang'ombe, Dodoma, na mimi nilikuwa muuza sanda. Kazi zetu zilikutana kwenye kila msiba wa mwanamke wa Kiislamu: mimi nabaki nje na kitambaa kwapani, yeye anaingia nyuma ya pazia na wasaidizi wake. Ingawa ni mwanamke, sikuwahi kuvuka pazia lile wala sikutamani. Mchuuzi akiingia kule hutoka na huruma, na mwenye huruma hupunguza bei kabla hajaombwa.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kabla yake, enzi za foleni, sanda ilipatikana kwa kibali, na nawajua waliozikwa na shuka la kitandani. Mimi nilianzia hapo. Nilijua nani Kondoa ana bafta, kile kitambaa cheupe cha sanda, na inapita njia gani, nikawa nafika msibani kabla ya kibali. Maduka yalipofunguliwa vitambaa vikajaa mpaka barazani, mitumba ikaingia, na waliokuwa wakiniomba kwa adabu wakaanza kunibeza kwamba bafta yangu ni nyepesi. Nikajifunza kuuza upya. Kuluthumu hakuhitaji kujifunza upya kitu chochote. Kazi yake ilikuwa ile ile: maji, sabuni, majani ya mkunazi, karafuu maiti, unamgeuza ubavu wa kushoto ili uoshe wa kulia kwanza, kisha unamgeuza wa pili.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye viganja vipana na kucha zilizokatwa hadi nyamani. Harusini wanawake walimwachia nafasi pande zote mbili za mkeka, na haikuwa kwa heshima peke yake. Alijua, hakujali. Sifa yake kubwa ilikuwa mdomo wake. Alichokiona nyuma ya pazia kilizikwa siku hiyo hiyo. Walimzunguka kwa maswali, eti fulani alikuwa na alama gani mwilini, eti fulani uso wake ulikaaje. Akawajibu wote kwamba alikuwa safi, akaendelea kuchambua mchicha. Kwetu ndivyo ilivyo. Mwosha anayesimulia haitwi tena, na akihama mtaa habari zake humtangulia.

Nyumba aliyokaa haikuwa yake. Marehemu mumewe, mtu wa Gulwe aliyefanya kazi reli, alikuwa na wake wawili. Mkubwa ni Sikudhani, aliyemzaa Hasani. Mdogo ni Kuluthumu, ambaye hakuzaa, lakini ndiye aliyembeba Hasani mgongoni wakati mama yake akiuza maandazi stesheni. Mume alipokufa nyumba ikawa ya Hasani, na wajane wawili wakabaki humo, kila mmoja na jiko lake. Waliishi kwa ubaridi wa kawaida wa wake wenza mpaka Ramadhani moja wakagombana juu ya jambo ambalo kila mmoja alilieleza kivyake, na tangu hapo salamu ikakatika. Sikudhani alikuwa na ulimi. Siku moja bombani, ndoo zimepangwa, watu wamejaa, alisema kwa sauti iliyokusudiwa kufika: "Siku nikifa, huyu asiniguse. Bora nioze kuliko kuoshwa na huyu."

Kuluthumu akajitwisha ndoo yake akaenda.

Sikudhani alikufa Julai, msimu wa upepo. Presha ilimwangusha jikoni. Mwosha mwingine wa mtaa alikuwa Kondoa kwenye harusi, na shekhe akasema maiti hacheleweshwi. Watu wakatazamana. Hasani mwenyewe ndiye aliyemfuata Kuluthumu chumbani kwake akamwambia, "Mama mdogo, ingia wewe." Nilimsikia kwa masikio yangu, kwa hiyo alipokuja kugeuka baadaye nilijua anageuka kutoka wapi.

Nilikaa mkekani upande wa pili wa pazia, bafta mapajani. Nikasikia maji, nikasikia wasaidizi wakinong'ona. Kisha kitu kizito kikagonga ubao, kishindo kimoja, na mmoja wa wanawake akasema innalillahi kwa sauti ya kukabwa. Maji yakakatika. Halafu yakaendelea. Kuluthumu alipotoka kuchukua sanda, mbele alikuwa mkavu. Mgongoni khanga yake ilikuwa imelowa kutoka kisogoni hadi kiunoni. Nilimkabidhi kitambaa nikatazama pembeni. Hakuna aliyeuliza, na wasaidizi wale wawili walishika njia ya kwao bila hata kunywa chai ya msiba.

Hitima haijasomwa, Kuluthumu akaanza kugeuzwa.

Alinieleza mwenyewe dukani kwangu, sokoni Majengo, amekaa juu ya robota la mitumba. Aliongea huku akitazama mlangoni, kama mtu anayeogopa kufuatwa.

"Nikilala ubavu wa kulia anakuja," alisema. "Haji hapo hapo. Ananiacha kidogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kunyanyua mzigo. Halafu ananishika begani ananibiringisha. Kitanda kinaenda, ukuta unaenda, bati linaenda. Nafumba macho, vinazunguka ndani ya macho. Kisha ananiachia, nabaki natapika."

"Nani huyo, dada?"

"Unamjua."

"Na ukilala kushoto?"

"Kushoto hana habari na mimi." Akaongeza, bila kubadili sauti, "Wewe unajua maiti analazwaje kaburini."

Najua, nani asiyejua. Kwa ubavu wa kulia, uso kibla.

"Anataka nijifunze kulala kama yeye," akasema.

Mimi siwaogopi wafu. Ni wateja wasiorudisha mzigo. Lakini siku ile nilifunga duka kabla ya alasiri, nikajiambia ni kwa sababu ya vumbi.

Ikawa haishii kitandani. Alikuja kununua karafuu maiti, akainua uso kutazama rafu ya juu, akaenda chini kama gunia, mbele ya wateja. Akaitwa msibani Nkuhungu. Alipoinama kuosha miguu ya marehemu akaanguka kifudifudi juu ya maiti, na wanawake wakatoka nje mbio, mmoja mguu peku. Baada ya hapo hakuitwa tena. Mtaani wakaanza ule msemo wa zamani, mwosha huoshwa, wakimtupia kwa mgongo anapopita. Hospitalini walimpima presha, wakampima malaria, wakampa vidonge, vikaisha. Akaacha kulala. Usiku alikaa ameegemea ukuta, shingo imenyooka kama mtu anayebeba mtungi, na akisinzia akateleza kulia, nyumba nzima ilimsikia akimwomba radhi Sikudhani.

Hasani alivumilia, kisha akachoka. Alisema mama yake hapumziki na sababu iko nyuma ya pazia. Akataka Kuluthumu apande naye treni hadi Gulwe, mbele ya baba zake wakubwa na mganga wa huko, aseme kulitokea nini siku ile. Akikataa, atafute pa kukaa. Kuluthumu alimjibu kwamba Gulwe atakwenda, kusema hatasema.

Hesabu yake ilikuwa wazi kwa kila mtu. Akisema, si mwosha tena, hapa wala kwingine. Asiposema, hana nyumba. Na muda wote ambao Sikudhani anaendelea kumgeuza, Hasani ana ushahidi wake.

Basi siku chache kabla ya safari nilikuwa kwa Mohamedali, mwenye duka la jumla lililokuwa likinipa majora. Binti yake Tahira alikuwa amekuja kumwangalia baba baada ya kupasuliwa jicho. Huyu nilimjua tangu akipima kitambaa kwa rula ya mbao, miguu haifiki chini. Sasa alikuwa daktari wa masikio, kazi yake nje ya nchi, na bado alikaa kwenye kigoda kile kile. Nilikuwa nambana Mohamedali juu ya jora, na katikati ya kumbana nikamsimulia habari ya Kuluthumu, maana mtu akisikiliza hadithi husahau bei aliyoishikilia.

Aliyeshika hadithi akawa Tahira. Aliniuliza kama mgonjwa akitazama juu kizunguzungu kinamjia pia. Nikamwambia habari ya rafu. Akauliza kinakaa muda gani. Nikasema kinaisha kabla hujapata wa kumwita. Akauliza kama anasikia vizuri.

"Anasikia hata asiyoambiwa."

"Aligonga kichwa?"

Mimi nilisikia kishindo. Sikuona kichwa. "Hilo," nikamwambia, "itabidi umuulize mwenyewe, na hatakujibu."

Tahira akanieleza kwa maneno ya dukani. Ndani ya sikio mna pima maji, kama ya fundi mwashi, ndiyo inayomwambia mtu amesimama au amelala. Mna na chembe za chokaa, ndogo kuliko vumbi la unga, zimekaa mahali pake. Mtu akigongwa, au umri tu ukienda, baadhi zinang'oka na kuingia kwenye kijifereji cha maji. Akilala upande ule zinateremka, maji yanasukumwa, na kichwa kinaambiwa kinazunguka wakati kimetulia.

"Si maiti huyo, auntie," alisema. "Ni chokaa."

"Dawa yake?"

"Hakuna dawa ya kumeza. Ni kumgeuza, mpaka chokaa irudi ilikotoka."

Alichukua jora la kitambaa akalilaza juu ya kaunta, ncha moja ikining'inia ukingoni kuwa kichwa. Akalielekeza kulia, akalishusha chali. Akasubiri. Akageuza kichwa kushoto. Akasubiri. Akalibiringisha lote likalalia ubavu wa kushoto, kisha akaliinua. Alifanya kwa upole, mkono mmoja kisogoni. Nilikuwa nimeuza sanda miaka yote ile bila kuona kinachofanyika nyuma ya pazia, na sasa nilikuwa nakiona mchana kweupe, juu ya kaunta ya Mohamedali.

Nikamwambia aje nyumbani kwa mgonjwa. Akasema haji kumgeuza mtu mbele ya ukoo unaotaka mganga. Nimlete mgonjwa kwake, na kwanza amlaze aone macho yake, hatibu kwa maneno ya mwenye duka. Tukakubaliana chumba cha nyuma cha duka, Ijumaa watu wakiwa msikitini. Nilichukua jora ambalo sikulihitaji, ili Mohamedali naye asijione amekikodisha chumba bure.

Kazi ilikuwa kwa Kuluthumu. Nilimkuta ameegemea ukuta wake, begi la Gulwe limefungwa miguuni. Macho yalikuwa yameingia ndani. Nilimweleza habari ya pima maji na ya chokaa, akanisikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayekuuzia kitu usichokihitaji. Nilipofika kwenye kugeuzwa akanyanyua mkono.

"Chali, kichwa kimening'inia. Halafu kushoto. Halafu ubavu wa kushoto."

"Ndiyo."

"Mimi nimewageuza hivyo watu ambao sasa hata majina yao sikumbuki. Hakuna aliyeinuka."

"Hao walikuwa wamekufa, dada."

"Na mimi nikigeuzwa na yule, nina tofauti gani nao? Anayenivuta anangoja hicho hicho."

Sikubishana naye juu ya Sikudhani. Ukibishana na mnunuzi juu ya ubora umepoteza. Bishana juu ya masharti. Nikamuuliza anataka masharti gani. Akayatoa: asifunikwe kitambaa chochote, mlango uwe wazi, kichwa kisielekee mashariki, maana ndiko vichwa vya wafu wetu vinakoelekea, kusiwe na harufu ya udi, na mimi niwepo, nimshike miguu, ili akiondoka niseme aliondoka vipi. Nikakubali yote. Hakuna hata moja lililonigharimu, ila lile la mwisho.

Ijumaa nikampeleka, nimemshika kiwiko, akitembea kama mwenye yai kichwani. Tahira alikuwa ametandika godoro juu ya marobota na kuligeuza kichwa magharibi. Akatoa shikamoo. Kuluthumu akaitikia marahaba mwanangu, akakagua chumba kona kwa kona, akainua godoro kutazama chini yake, kisha akakaa.

Tahira akamuuliza kama aligonga kichwa kabla ya haya kuanza. Kuluthumu akatazama mikono yake. Tahira akauliza tena, taratibu. Akaendelea kutazama mikono. Kwa nje mtu angesema ni ukaidi, ila nilijua ni nini. Kule nyuma ya pazia hakutenganisha yaliyompata maiti na yaliyompata yeye. Aliyafunga yote katika fundo moja.

Nikainama karibu naye. "Siri ni ya maiti, dada. Kichwa ni chako."

Upepo ulisukuma mlango, ukagonga ukuta, ukarudi.

"Niliteleza," akasema hatimaye. "Sabuni chini. Nilipomgeuza nikaenda kinyumenyume, kisogo kikapiga ukingo wa kitanda cha kuoshea. Sikuona kitu kwa muda. Nikainuka nikamaliza kazi." Akafunga mdomo. Lakini alipokuwa akisema, kiganja chake kimoja kilikuwa kimeshika kifundo cha mkono wa pili, kimekikaza kabisa, kama anayeonyesha alivyoshikwa, na hakukiachia mpaka Tahira alipomwomba anyooshe miguu.

Tahira akamgeuza uso kulia, akamshusha chali haraka, kichwa kikaning'inia ukingoni. Nilikuwa nimeshika vifundo vya miguu. Kitambo kidogo hakikutokea kitu. Kisha nikaona macho ya Kuluthumu yakianza kuruka. Yalikuwa wazi, na yalipiga kwa mdundo kuelekea upande mmoja, yakijizungusha kama yanachorewa duara na mtu tusiyemwona. Mikono yake ikashika godoro, miguu ikaniponyoka.

"Huyo," alisema. "Mmemwona?"

"Nimeona," akasema Tahira kwa sauti ya kazi. "Usifumbe macho, mama. Mwache amalize."

Yakapungua, yakasimama. Jasho lilikuwa limemtoka mpaka kwenye nyusi. Tahira akamwambia, sasa nakugeuza kichwa kushoto, usiogope, akamgeuza na kusubiri. Kuluthumu akaanza kutamka shahada polepole. Tahira akamwambia, sasa nakugeuza mwili, lalia bega la kushoto, uso uangalie chini. Pale, amelalia ubavu, shavu mkononi mwa yule binti, aliacha shahada katikati akasema maneno ambayo hayakuwa yetu sisi wawili.

"Sikudhani, nilisikia bombani. Nilisikia vizuri. Niliambiwa niingie."

Tahira alinitazama. Mimi nilitazama mlango, maana nilikuwa nimeahidi utabaki wazi.

Tulipomwinua alikaa akishika ukingo kwa muda. Kisha akataka kulazwa tena kulia. Tahira akasita, akamlaza. Macho yalitulia. Tulingoja sote watatu. Hakikuja kitu. Kuluthumu alilala pale akiwa ametega sikio, na uso wake haukuwa wa mtu aliyepona. Ulikuwa wa mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua ina mwenyewe ndani, na haitikiwi.

Tahira alimkataza kulala bapa kwa siku chache, akaniita pembeni akanionyesha tena hatua zote, mara hii juu ya shingo yangu mwenyewe. Alisema kitu hiki huweza kurudi, na yeye hatakuwepo.

Siku hizo zilipopita, Hasani alikuja na tiketi za Gulwe. Kuluthumu hakumjibu kwa mdomo. Alitandika mkeka uani, mchana, majirani wakichungulia juu ya ukuta, akalala ubavu wa kulia, uso kaskazini kwenye kibla, mkono chini ya shavu. Hasani alisimama. Akangoja. Kuku walipita. Yule mwanamke aliyekuwa akitapika na kupiga kelele alilala kimya kama alivyolazwa Sikudhani, mpaka mimi niliyejua kisa cha chokaa nikatamani ainuke. Alipoinuka, Hasani alikuwa amekaa chini.

"Basi mama ameridhika," akasema.

Ningeweza kumweleza habari ya pima maji. Lakini kwa nini nivunje makubaliano mazuri? Hasani akamuuliza swali moja tu la mwisho, kwa upole, kama lile la watu wote: mama alikuwaje kule ndani. Kuluthumu akamwambia alikuwa safi. Tiketi ziliuzwa kwa mtu mwingine stesheni.

Misibani wakamwita tena. Alianzia kwa maskini wasio na wa kuchagua, kisha wengine wakafuata, maana wafu hawaishi na waosha ni wachache. Wasaidizi wake wa zamani hawakurudi. Nikiwa mkekani nje nilianza kusikia kitu ambacho hakuwa nacho awali. Kabla ya kila kugeuza alimwambia maiti, kwa sauti ya kawaida, sasa nakugeuza, bibi. Kisha alinyamaza kidogo, kama anayesubiri ruhusa. Mara moja nilimsikia akisema, haya, asante. Niliwaambia wafiwa ni dua.

Kurudi, kizunguzungu kilirudi. Mwaka uliofuata, zabibu zikianza kuingia sokoni, nilimwona akija mchana akishika kuta za maduka moja baada ya jingine. Nilifunga mlango nusu, nikapanga marobota, nikamlaza. Alikuwa mwepesi wa mwili na mzito wa kichwa. Sikujua kichwa cha mtu kina uzito ule mpaka kilipolala viganjani mwangu. Nikakielekeza kulia, nikakishusha. Macho yakaanza kuruka.

"Mkono wako mzito," alisema kutoka kule chini, meno yamekazwa. "Lakini hautetemeki."

"Usiongee."

"Nitaongea. Hawa wasaidizi wapya wanashika kichwa cha maiti kama sufuria ya moto. Mwishowe watakiangusha. Utaingia wewe."

Nikamwambia mimi nauza sanda.

"Utauza, halafu utaingia. Na siku yangu utaingia pia. Wasiitwe wengine."

Nilitafuta la kupunguza. Nilikuwa na magoti mabovu, nilikuwa na duka, dua zenyewe sikuzishika zote. Lakini kila nililotaka kulisema niliona jibu lake limekwisha kukaa mdomoni mwake. Na kujadiliana kunataka mikono mitupu, uweze kuinuka uondoke. Yangu ilikuwa imebeba kichwa chake.

Macho yalikuwa yametulia sasa. Hayakunitazama. Yalitazama nyuma ya bega langu, kule kwenye rundo la bafta, ambako hakukuwa na mtu.

"Na utakachokiona kule?" akaniuliza.

"Sitasema."

"Hata Hasani akija kukulilia?"

"Hata Hasani."

"Haya. Geuza."

Nikamwambia sasa nakugeuza kushoto, kama nilivyofundishwa. Nikangoja kidogo nishike vizuri. Kichwa kikaanza kwenda kabla mikono yangu haijakisukuma.